Babu haonekani kwenye kumbukumbu? Dalili, sababu na pa kwenda (sensa, keya, kariakoo na magazeti ya zamani)

Hii ni kwa wale wote wanaotafuta mababu walioishi huku kwetu enzi za Mjerumani na Mwingereza, Tanganyika, Kenya, Zanzibar, Uganda, na wameshapita mtandaoni wakatoka mikono mitupu.

Wengi mnaanza na maelekezo ya video za Wamarekani, fungua sensa, alafu kadi ya kuandikishwa jeshi, alafu magazeti. Kwao inakubali maana sensa yao inaandika kila mtu kwa jina, ikipita miaka 72 wanaifungua, ile ya 1950 imefunguliwa 2022, na vita vya kwanza wanaume kama milioni 24 walijaziwa kadi. Ukileta njia hiyohiyo huku unagonga mwamba asubuhi na mapema, unakaa unasema wazee wetu hawakuandikwa popote. Waliandikwa sana tu, ila kila karatasi ya wakati ule iliandikwa na mtu anayetaka kitu, kodi, vibarua, askari, waumini. Kwa hiyo kabla hujauliza babu yuko wapi jiulize kwanza nani alikuwa na shida na babu na alimwandika kama nani. Shida karibu zote nilizoorodhesha chini zinafunguka hapo.

Dalili: Nimepata sensa lakini ni tarakimu tupu, hamna majina

Hujakosea, ndo ilivyo. Mkoloni alikuwa hahesabu Waafrika kwa majina. Kabla ya 1948 idadi nyingi za "wenyeji" kwenye ripoti zilitoka kwenye vitabu vya kodi na taarifa za majumbe na machifu, makadirio yale. 1948 ndo ikafanyika hesabu kubwa ya kwanza ya pamoja Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kilichochapishwa ni majedwali, kabila fulani wilaya fulani watu kadhaa. Zilizofuata, 1957 Tanganyika, 1958 Zanzibar, 1959 Uganda, 1962 Kenya, alafu 1967 ya Tanzania baada ya uhuru, hadithi ni ileile, unachosoma ni jumla na taarifa za mtu mmojammoja ni siri. Kwa hiyo mtu akikuuzia "sensa ya 1948 yenye jina la babu yako" mkimbie.

Unachotaka ni karatasi ya kodi. Kodi ya nyumba ilianza upande wa Mjerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, Kenya ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kodi haiwezi kukusanywa bila mtu kujua nyumba ni ya nani na iko chini ya jumbe gani. Vitabu hivyo havikubaki vyote, hata nusu sidhani, lakini vilivyobaki viko kwenye mafaili ya wilaya kwenye nyaraka za taifa. Ukienda usiombe jina la babu, omba mafaili ya kodi ya wilaya yake na chini ya chifu wake, jina utalitafuta mwenyewe ndani kwa kidole.

Kama babu alikuwa Kenya kuna kitu kizuri zaidi, kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 lakini ilianza kubana watu baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920, kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia umri kama miaka 16 abebe. Ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kikopo kidogo cha bati, unavaa shingoni kwa kamba. Ndani kuna jina, kabila, anakotoka, alama za vidole, alafu safu za waajiri, nani alimwajiri, kazi gani, mshahara, aliingia lini alitoka lini. Wazee walikichukia na walikuwa na haki ya kukichukia, kilikuwa cha kumfunga mtu kwa tajiri wake, lakini kwa mjukuu ile safu ya waajiri ni maisha ya babu mwaka kwa mwaka. Kabla hujapanda gari kwenda Nairobi uliza kijijini kama kikopo bado kipo. Mara nyingi kipo, kimetupwa kwenye sanduku la bibi pamoja na risiti za kodi na hakuna aliyewahi kukifungua tangu mzee afariki.

Dalili: Jina halitoki, nimeandika kila namna

Kila namna ya Kiswahili cha leo. Karani wa 1908 alikuwa hajui kama kuna Kiswahili sanifu, na kama ni Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao. Chukua daftari uandike jina la babu upya kwa masikio ya Mjerumani. Ch inakuwa tsch. Sh inakuwa sch. J inakuwa dj au dsch. Y inakuwa j. Z inakuwa s, na s ya katikati inaandikwa mara mbili. Mw mara nyingi inakuwa mu. Kwa hiyo Chande ni Tschande, Shabani ni Schabani, Yusufu ni Jussuf, Juma ni Djuma, na Zaidi anageuka Saidi kabisa, yaani anakuwa mtu mwingine. Kama unaona natia chumvi angalia ramani zao, Mwanza ni Muansa, Moshi ni Moschi, Bagamoyo ni Bagamojo, Kilosa ni Kilossa, Ujiji ni Udjidji, na mlima wetu ni Kilimandscharo. Waliloufanyia mlima na babu yako walimfanyia.

Mwingereza naye ana yake. Hamisi, Khamis, Hamis. Abdallah yupo wa namna tano sita. Majina ya bara yenye r na l yanabadilishana kila ukurasa. Na kwenye majina ya ofisini utakuta herufi s/o katikati ya majina mawili, maana yake mtoto wa, sasa anayenakili akiwa hajui anaiunganisha na jina au anaifuta kabisa, baba anapotea hapo. Upande wa pwani "bin" inafupishwa kuwa b. peke yake. Kwenye FamilySearch, ambayo ni bure, unaweza kuweka nyota * mahali pa herufi usizo na uhakika nazo, kwa hiyo badala ya kuandika Mwinyimkuu andika M*nyi*ku* na uone inaleta nini.

Ila hata tahajia ikikaa sawa bado kuna jambo kubwa zaidi, babu hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake na la baba yake bas, na mtoto wake akachukua jina la babu kama la mwisho, kwa hiyo jina mnalotumia ninyi leo kama la ukoo huenda ni jina la mtu mmoja aliyezaliwa 1890 na ndugu zake wala hawakulitumia. Ukitafuta wadogo zake kwa jina hilo utatafuta mpaka uchoke. Juu ya hapo ongeza jina la ubatizo, jina la kusilimu, jina la utani la kambini, na jina la uongo, maana mtu anayekamatwa kupelekwa upagazi alikuwa na sababu zote za kutaja jina lisilo lake. Andika karatasi moja yenye majina yote aliyowahi kuitwa, la nyumbani kwa mama yake pia, nenda nayo kila mahali.

Wanawake ni kazi ngumu kuliko wote hawa, sifichi. Kwenye kodi ni "mke wa", kwenye jeshi ni jina la anayelipwa mume akifa, sana sana ni hapo. Mahali wanapoonekana kwa majina yao ni kanisani na mahakamani. Daftari la ubatizo la Wakatoliki ndo silaha: mstari mmoja una jina la mtoto, wazazi wote wawili, msimamizi, padre, tarehe, alafu pembeni kwenye ukingo kuna maandishi madogo yaliyoongezwa miaka baadae kwa wino mwingine, kwamba huyu amefunga ndoa parokia fulani mwaka fulani na fulani. Watu wanapiga foto mstari wanaacha ukingo. Ukingo ndo unakwambia bibi alihamia wapi. Piga ukurasa mzima, na uangalie wasimamizi pia, mara nyingi ni shangazi au jirani waliyetoka naye kijiji kimoja.

Kwa upande wa Waislamu wa pwani uliza mahakama za kadhi, ndoa, talaka na mirathi zote zilipita pale, na jiandae kukutana na maandishi ya Kiarabu hata kama lugha yenyewe ni Kiswahili.

Dalili: Mahali alipozaliwa hapapo kwenye ramani, au ofisi inasema "hatuna kumbukumbu za huko"

Sababu mbili. Ya kwanza jina limebadilika. Wilhelmstal ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga kule kwenye Ziwa Tanganyika. Usumbura ni Bujumbura. Fort Hall ni Murang'a, Port Florence ni Kisumu, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye, Abercorn ni Mbala ya Zambia. Na "Kavirondo" siyo kabila wala mji, walikuwa wanawabandika Wajaluo na Waluhya wote kwa pamoja.

Ya pili, na hii inawapoteza hata wasomi, mpaka umehama. Kisumu na nchi yote ile ya magharibi ilikuwa Uganda mpaka 1902. Mtu aliyezaliwa pale 1899 kaanzia karatasi za Uganda. Rwanda na Burundi zilikuwa pamoja na Tanganyika chini ya Mjerumani mpaka 1916 Wabelgiji walipoingia, kwa hiyo barua za awali za Kigali na Usumbura ni za serikali iliyokaa Dar es Salaam. Mwambao wa Kenya ulikuwa wa Sultani kwa jina mpaka 1963, ndo maana kesi za zamani za ardhi za Malindi na Lamu hazieleweki bila Zanzibar. Kabla ya kuandika ofisi yoyote jibu kwanza swali hili, mwaka ule mahali pale palikuwa pa nani.

Karatasi za Mjerumani ziko sehemu mbili kubwa. Zilizobaki huku ziko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na za wizara yao ya makoloni ziko Berlin kwenye Bundesarchiv, fungu linaitwa R 1001, nyingi zimeshawekwa mtandaoni unazisoma bure ukiwa kitandani. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani unatisha, ila majina ya Kiafrika mara nyingi waliyaandika kwa herufi za kawaida ili yasomeke, hivyo hata usiyejua Kijerumani pitisha macho tu, jina la babu litakurukia lenyewe.

Dalili: Ukoo mzima unajua babu alikwenda vitani lakini kwenye orodha ya mashujaa hayupo

Hapa ndo nataka tukae, maana hapa watu wanaumia na wanaanza kudhani mzee aliwadanganya.

Orodha ambayo kila mtu anaikuta akigugo ni ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Sababu ya kwanza na rahisi kuliko zote, orodha ile ni ya waliokufa tu, vita vya kwanza kuanzia Agosti 1914 mpaka 31 Agosti 1921, vya pili kuanzia Septemba 1939 mpaka mwisho wa 1947. Babu yako alirudi, akaoa, akamzaa baba yako. Hawezi kuwemo. Asante Mungu hayumo.

Kama alikufa na hayumo, uliza vita ipi. Kama ni vita vya Hitler nafasi ya kumpata kwa jina ni nzuri. Askari wa keya, yaani King's African Rifles, na wa vikosi vingine vya Afrika Mashariki waliofia Bama (Burma) na hawana kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon uliopo makaburi ya Taukkyan. Kama familia inasema "alizama na meli" anza moja kwa moja na meli ya Khedive Ismail, iliondoka Mombasa Februari 1944, tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297, wengi wakiwa vijana wetu wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na majina yao yapo kwenye mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Ukisachi huko usitegemee majina matatu. Wengi wana moja au mawili, Juma, Ali, Kiprono, kwa hiyo tafuta kwa kikosi na mnara, alafu usome jina kwa jina. Herufi za mabano kwenye jina la kikosi ni za maana sana, K ni Kenya, U ni Uganda, TT ni Tanganyika, NY ni Nyasa. 36 yenye TT ni ya Watanganyika, 11 yenye K ni ya Wakenya. Na baadhi ya waliomo wana mstari wa mwisho wenye jina la baba au wilaya, hapo ndo unathibitisha.

Kama ni vita vya Mjerumani, 1914 mpaka 1918, kaa kitako. Mwingereza alipigana na von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani, huku miaka minne, toka Taveta na Tanga mpaka Msumbiji mpaka huyo von Lettow alipojisalimisha Abercorn 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kuisha Ulaya, na kwa kuwa gari na farasi vilikufa na ndorobo na matope, mzigo wote ulibebwa na vichwa vya watu. Walioingizwa upagazi kwa pande zote wanakaribia milioni. Kenya ilitungwa sheria 1915 ya kuwapata kwa nguvu na 1917 ukafanyika msako mkubwa kuliko yote, machifu wakipewa idadi ya vichwa wanavyotakiwa kuleta, Tanganyika nayo kila jeshi lililopita lilikamata wake. Wapagazi wa upande wa Mwingereza waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, sio risasi. Hao hawakuandikwa kwenye mnara wowote kwa jina. Waliwekewa zile sanamu tatu, Nairobi, Mombasa na ile ya Askari pale katikati ya Dar, bas. Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba haikuwatendea sawa, kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukikosa jina la mpagazi kwenye orodha ile usiseme mzee wenu hakwenda. Orodha ndo yenye deni.

Basi utampata wapi. Anza na maneno ya familia. Wakisema "alikwenda kariakoo" hawamaanishi sokoni, ndo Carrier Corps yenyewe, na mitaa ya Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ilipata jina kutokana na kambi zao. Wakisema "alikuwa keya" alibeba bunduki. Wakisema "alikuwa painia" ni kikosi cha kazi cha vita vya pili. Wakisema alikamatwa kwenda katani wakati wa Hitler hiyo siyo jeshi kabisa, ni kazi ya lazima ya mashambani, na karatasi zake ziko kwenye mafaili ya idara ya kazi na ya wilaya. Ukitofautisha haya manne umeshaokoa safari nyingi.

Alafu tafuta chuma. Kama kuna medali ya fedha yenye kichwa cha mfalme na utepe wa chungwa katikati na buluu pembeni, ni ya vita vya kwanza, na hizo zilichorwa kwenye ukingo. Usitazame uso wake, ishike kwa pembeni kama sarafu unayoihesabia unene, zungusha taratibu kwenye mwanga wa dirisha, utaona namba, jina na kikosi vimekatwa kwenye ukingo kwa herufi ndogondogo. Usiisugue na majivu wala brasso, herufi zinalika. Ile namba ndo babu, jina linaweza kuandikwa vibaya mara kumi lakini namba inabaki, inakili pamoja na herufi zilizo mbele yake. Zile nyota za shaba za vita vya pili, ile ya Bama kwa mfano, kwa kawaida hazikuandikwa jina kwa hiyo usihangaike nazo, tafuta kitabu cha malipo au cheti cha kuachishwa jeshi.

Na kama alikuwa askari wa Mjerumani? Wapo kibao na wajukuu wao wanaona aibu kusema, hakuna haja. Wengine walitekwa kisha wakaingia keya, batalioni ya 6 ilijengwa upya 1917 ikiwa na watu wa namna hiyo, yaani babu mmoja anaweza kuwa kwenye karatasi za pande zote mbili. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa waliokuwa bado hai, hivyo kama mzee alifariki baada ya hapo ulizia kama aliwahi kwenda kupokea hela hizo, kuna familia zina kumbukumbu ya siku hiyo kuliko kumbukumbu ya vita yenyewe.

Shajara za vikosi zilizopo nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, zinasomeka lakini msijipe matumaini makubwa, afisa ana jina, askari ni idadi. Zinasaidia kujua kikosi kilikuwa wapi tarehe gani.

Dalili: Miaka haikubaliani, kwa hesabu hii babu alizaa akiwa na miaka saba

Tarehe ya 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mzee ni ya karani, itupe. Rudi kwenye tukio. Alizaliwa wakati wa ugonjwa wa ng'ombe wa miaka ya 1890? Alikuwa anachunga wakati wa Majimaji 1905 hadi 1907? Dodoma waulize kuhusu Mtunya, njaa ile ya kuanzia 1917, Mgogo wa makamo atakwambia bibi yake alikuwa tumboni au alikuwa ameshaota meno. Kwa wenye marika kama Wanandi ni msaada mkubwa lakini kuna mtego, marika yao ni saba na yanazunguka, jina lilelile linarudi baada ya kama miaka 100, kwa hiyo mtu wa rika la Maina wa hadithi na wa rika la Maina uliyemwona wewe msiwachanganye.

Pwani mwaka ulioandikwa 1335 ni wa Hijria, unaanza Oktoba 1916 unaishia Oktoba 1917. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, usijumlishe tu 579 kichwani ukaridhika, kila miaka 33 unakosea mwaka mzima. Tumia kikokotoo.

Dalili: Ukoo unakatika ghafla, baba wa babu hana kwao

Familia nyingi za pwani na visiwani zinafika kizazi fulani hapo mbele pana ukimya, na jina la kabila ni Mmanyema, Mnyasa au Myao, mbali kabisa na mji wenyewe. Inawezekana ni biashara ya msafara. Inawezekana pia ni utumwa, na wazee hawakusema kwa sababu wanazozijua. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar 1897, mwambao wa Kenya 1907, Tanganyika 1922, na kila ufutaji uliacha karatasi. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani wana madaftari ya walioachwa huru, Mjerumani alitoa hati za uhuru maelfu kwa maelfu, misheni ya Bagamoyo iliyoanza 1868 na Freretown ya Mombasa iliyoanza 1875 walibatiza na kuandika. Ukimuuliza mzee jambo hili muulize peke yake, ukae chini, na akikataa mwache. Ukishapata usiliweke kwenye grupu la ukoo kabla ya kuongea na wenye kuhusika.

Dalili: Magazeti hayana kitu

Unatafuta gazeti lisilo lake. Magazeti ya Kizungu yaliwaandika Waafrika wachache, tena mahakamani. Nenda kwenye ya Kiswahili. Msimulizi lilianza 1888 Kiungani Zanzibar, habari za walimu na wanafunzi wa misheni walikotawanyika. Kiongozi la Tanga, la shule ya serikali ya Mjerumani, lilikwenda mpaka 1916 likiandikiwa na makarani, walimu na maakida toka kila boma. Mambo Leo toka 1923, hilo ni hazina, barua, mashairi, habari za wilaya, fulani wa Songea anamjibu fulani wa Tanga kwa beti kumi na jina lake chini. Kwetu toka 1937, Baraza la Nairobi toka 1939, Mwongozi la Zanzibar toka 1942. Angalizo, Kiongozi mawili, hilo la Tanga na lile la Wakatoliki lililoanza Tabora 1950, maktaba nyingine zinayachanganya kwenye orodha moja. Na wazee walipenda majina ya kalamu, kwa hiyo tafuta mji na kazi yake, karani wa reli Kigoma, mwalimu wa Minaki, kabla ya jina.

Kama ni gazeti la Kijerumani lililowekwa mtandaoni kompyuta imesoma herufi za zamani vibaya, s ndefu inaisoma kama f na n kama u, Schabani anakuwa Schabaui, Hassan anakuwa Haffan. Andika na hizo makosa makusudi.

Alafu kuna moja ambalo watu hawalijali kwa kuwa linachosha, gazeti rasmi la serikali. La Kenya lipo mtandaoni toka mwanzo wake 1899, bure, na linatangaza mirathi: jina la marehemu, makao yake, tarehe aliyofariki, wakati mwingine mke au mtoto anayeomba kusimamia mali. Humo pia mna waliobadili majina na waliopoteza hati za viwanja. Andika jina na kijiji ndani ya alama za kunukuu. Nimeona watu wakipata tarehe ya kifo cha mzee kwa dakika chache baada ya kuhangaika na makaburi miaka.

Dalili: Nimeambiwa faili lilikuwepo ila halipo

Mawili. Kweli lilichomwa, kabla ya uhuru wakoloni walichoma karatasi nyingi walizoona zitawaaibisha. Au lilisafirishwa. 2011 kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau London serikali ya Uingereza ilikiri ina mafaili iliyoyaficha toka makoloni yake, yakafunguliwa kuanzia 2012, yako Kew fungu FCO 141, ya Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda yamo. Kama babu aliwekwa kizuizini miaka ya 1950 angalia huko kabla hujakata tamaa. Na kabla ya yote hayo mwombe mtu wa nyaraka akuangalizie namba ya zamani ya faili, mafaili yamepangwa upya mara kadhaa na mengi "yaliyopotea" yana namba nyingine tu.

Ukiandika barua au imeili kwa nyaraka yoyote weka haya na usiweke zaidi: majina yote ya babu na namna tatu nne za tahajia, jina la baba yake, kijiji, chifu au jumbe wake, wilaya kwa jina la wakati ule, miaka ya kuanzia na ya kuishia, na aina ya karatasi unayoitaka, kodi, ajira, jeshi au mahakama. Hadithi ya ukoo mwambie ukifika.

Na kama una mpagazi wa 1917 kwenye familia ambaye hayupo kwenye orodha yoyote duniani, kaa na mzee aliyebaki umrekodi kwa simu, jina la mpagazi, la baba yake, kijiji, chifu aliyemtoa, aliondoka na nani na nani hakurudi, alafu chapa nakala uiache kwenye nyaraka za taifa na maktaba ya wilaya, maana tume ile ya makaburi imesema inatafuta majina na mengi hayapo Ulaya, yapo kwa hawa wazee.